Kibakuli Kilichojaa

Dada yangu Batish,

Mifugo salama? Watu salama? Nauliza kwa mpangilio uleule wa marehemu baba, mifugo kwanza, maana yeye aliamini mtu anaweza kudanganya kuhusu afya yake lakini si kuhusu kondoo wake. Nasikia huko kwenu theluji imefika madirishani na mbwa mwitu wamesogea hadi karibu na zizi. Na goti lako je? Bado linakuuma ukipanda farasi, au umekubali sasa kukaa mkokotenini kama wanawake wa umri wako? Usinune, nakutania. Mumeo, Mzee Ospan, mpe salamu zangu, umwambie soseji za farasi zilifika, isipokuwa moja ambayo dereva alisema imeliwa na panya. Panya huyo nimemwona kwa macho yangu. Ana masharubu na anaendesha lori la makaa ya mawe. Ndiye anayekuletea barua hii pia, kwa hiyo mpe chai lakini nyama mfiche.

Sisi hapa Zhezkazgan hatujambo, kwa maana ya kwamba tunapumua. Mume wangu Tolegen bado anakohoa vumbi la mgodi, na siku hizi hata kulalamika ameacha. Anakaa dirishani akitazama uwanja kama anayesubiri basi. Mabomba ya joto yanapata uvuguvugu asubuhi na kupoa mchana, basi tunashinda jikoni na makoti yetu. Binti yetu Gauhar alipiga simu kutoka Omsk, kwa mumewe. Mjukuu wetu wa huko alipewa simu anisalimu, akanisalimu kwa Kirusi. Nikamwuliza kwa lugha yetu kama amekula, nikamsikia anamwuliza mama yake, "Huyu bibi anasema nini?" Nilicheka, kisha nikasema maziwa yanachemka jikoni, nikakata simu. Hapakuwa na maziwa.

Shuleni nimepewa darasa la watoto wa mjini ambao Kikazaki chao kiliishia kwa babu zao. Majina yao ni ya kwetu, nyuso zao ni za kwetu, lakini ukiwaomba wakuletee maji wanakutazama tu. Muhula huu nawafundisha kusema kitu ni cha nani. Naandika ubaoni "bala", mtoto, halafu naongeza herufi moja mwishoni: "balam", mtoto wangu. Nafuta ule mkia, naweka mwingine: "balang", mtoto wako. Nafuta tena: "balasy", mtoto wake. Wanaimba pamoja nami, mtoto wangu, mtoto wako, mtoto wake, ng'ombe wangu, ng'ombe wako, ng'ombe wake. Kuna binti mmoja, Aliya, mdomo wake hauna mlango. Juzi alinyoosha mkono akauliza, je, kama mtoto ni wangu lakini anakaa kwa mwingine, naweka mkia upi? Darasa zima likacheka. Nilimjibu kwamba inategemea nani anasema, nikageukia ubao, nikajifanya natafuta chaki. Chaki ilikuwa mkononi mwangu.

Ndiyo, dada, ni habari ya Sayat. Nimeizunguka tangu mwanzo wa barua na wewe umeshaijua, maana hukuanza kunijua leo.

Unakumbuka alipozaliwa. Wewe ulikuja na maandazi tele kwenye kitambaa, sijui uliyabebaje juu ya farasi, na ulikuta ameshachukuliwa. Mama mkwe Rabiga alikuja siku ya kwanza kabisa, akamwingiza mtoto kwenye shingo ya gauni lake la mahameli na kumtoa chini kwenye pindo, mbele ya wanawake wa ujirani, na wote wakasema amezaliwa upya, sasa ni wa Rabiga. Mtoto wa kwanza ni wa wazee. Hakuna aliyeniuliza kwa sababu hakuna aliyeona kama kuna swali. Hata mimi sikujua kwamba ningekuwa na la kusema. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, bado najifunza kumimina chai.

Tena chai yenyewe nilikosea. Wiki ya kwanza ya ubibi harusi nilimjazia mgeni kibakuli hadi ukingoni, nikidhani namheshimu. Mgeni aliinuka, akavaa kofia yake, akaondoka. Mama mkwe alinikalisha chini akanieleza kama anayemweleza mtoto mchanga: "We binti, kwenu hamkufundishwa? Unamimina kidogo, anarudisha, unamimina tena kidogo. Hapo unamwambia kaa, tupo na wewe. Ukimjazia, unamwambia inuka nenda zako. Unataka kunifukuzia wageni?" Wewe ulipokuja nilikueleza, ukacheka hadi ukashika mbavu, kwa sababu na wewe ulifanya kosa hilohilo kwa wakwe zako.

Sitamsema vibaya Rabiga. Alimpenda Sayat kuliko macho yake. Ila maziwa yangu yalikuwa hayajui mila. Mtoto alilia chumba cha pili, gauni langu likalowa kifuani, na mlango ule uliopigiliwa manyoya kuzuia baridi ulifungwa taratibu kutoka upande wake. Hakuufunga kwa chuki. Aliufunga kama mtu anavyofunga mlango ili joto lisitoke. Mimi nikabaki nje nimeshika kitambaa. Wewe uliniambia nitazaa wengine. Nikamzaa Gauhar, halafu basi.

Sayat akakua. Rabiga akamwita mama, Tolegen akamwita kaka, na mimi akaniita shemeji. "Shemeji, nipe mkate. Shemeji, mpira wangu uko wapi?" Hakuwa mtoto mbaya. Na hakuna aliyemficha ukweli, mji mzima ulijua, hata yeye alijua tangu akiwa mdogo, kama unavyojua kwamba mwezi uko mbali. Lakini kujua si kuita. Mbele ya wazee sikuweza hata kumpakata, maana kijana mzazi akimkumbatia mtoto wake mbele ya wakubwa ni aibu, na Rabiga alikuwa mbele yetu kila siku. Nilikuwa nakunja nguo zake kwenye kamba na kuzinusa. Hilo sijawahi kukuambia.

Kitu kimoja alichoniahidi Rabiga, tena kwa mdomo wake mwenyewe, tukikamua ng'ombe, ni kwamba siku Sayat akioa, mimi ndiye nitakayemvalisha bibi harusi hereni. Hereni huvalishwa na mama wa bwana harusi. Alisema, "Mimi nitakuwa nimeshachoka, Kulpash. Siku hiyo nakurudishia." Nilikaa na neno hilo miaka yote kama mtu aliyefunga sukari kwenye leso.

Alikufa mwaka juzi, theluji ya kwanza. Wewe hukuweza kuja kwa sababu njia ilifungwa. Sayat alisimama mlangoni ameegemea fimbo kama ilivyo desturi ya mwana, na kila kundi la wanaume lilipofika likilia alilia nalo, "Mama yangu! Mama yangu wee!" Sauti yake ilikuwa imepasuka. Mimi nilikuwa napita mbele yake na ndoo za maji, naingia natoka, na kila nikipita anasema hivyo. Nilimwonea huruma kweli, dada, na palepale nikaona wivu juu ya maiti. Nakuandikia hili ili ujue moyo wangu ulikuwa umeshafika wapi kabla ya haya mengine.

Mwaka ukaisha, tukachinja farasi wa kumbukumbu, na baada ya hapo Sayat akaleta mchumba. Anaitwa Karlygash. Mwembamba, mnyamavu, mkono wake mwepesi kwenye unga. Kwa kuwa ni bibi harusi mpya hataji majina yetu, amenipa jina lake mwenyewe, ananiita Dada Mwalimu. Na ni kweli, hata kwake mimi ni mke wa shemeji tu.

Harusini, ulipofika wakati wa kumfunua bibi harusi uso, akimwinamia kila mkubwa anayetajwa, mwimbaji alichukua dombra yake ya nyuzi mbili akaenda kumwuliza Sayat ataje nani na nani, kwa mpangilio upi. Nilikuwa nimevaa shali yangu nyeupe. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo mama husimama, sikusimama wazi, nilijibanza kidogo pembeni, kama mtu anayepita. Sayat akasema nafasi ya mama ni ya marehemu mama. Alisema kwa heshima, macho yamemjaa maji, na watu wote wakamsifu. Basi mwimbaji akaimba jina la Rabiga, na yule binti akainamia mto wa kukalia usio na mtu. Kisha akaimba Tolegen, kaka mkubwa. Kisha Umit, dada yake Tolegen. Kisha akaimba, "Na huyu ni shemeji, mwalimu Kulpash, mkono wake hauna uchoyo," na binti akaniinamia, nami nikatoa kitambaa nikampa. Hereni alivalisha Umit, maana ndiye mwanamke mkubwa katika ukoo. Umit aliniona nimekaa kimya mbele ya sahani akanipigia kelele toka upande wa pili wa meza: "Kulpash! Usinune, watu watadhani tumekunyima nyama!" Wakacheka. Nikacheka na mimi. Mdomo wangu umezoea.

Walihamia nyumba ya marehemu, ng'ambo ya uwanja, na mimi nikawa nakwenda kumfundisha Karlygash mambo ya nyumba. Nilimfundisha mwenyewe namna ya kumimina chai. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, kidogo, anarudisha, kidogo tena. Nikamsimulia hata yule mgeni wangu aliyevaa kofia akaondoka. Alicheka sana, akaweka mkono mdomoni. Nilimpenda siku ile, dada. Nataka ujue na hilo.

Akapata mimba, akajifungua binti mwanzoni mwa baridi hii. Siku chache baadaye Sayat alituita mimi na Tolegen tukanywe chai, na Umit alikuwa ameshafika, amekaa mahali pa heshima na kile kichanga mapajani. Karlygash alikaa kando ya samova, lile birika kubwa la chai. Alikuwa bado hana rangi usoni.

Sayat alianza kuongea kama mtu aliyejiandaa siku nyingi. Alisema yeye si mjinga. Alisema anajua marehemu mama alimchukua kwangu na mimi nikanyamaza miaka yote, sikugombana, sikumtia uchungu mzee. Alisema amekuwa akifikiri anipe nini, na hakuona kitu kinachotosha. Halafu akasema, "Shemeji, mtoto wetu wa kwanza mlee wewe. Mpokee. Ni wako." Alikuwa anatetemeka kwa furaha. Kijana wangu mwema, Batish. Alikuwa ananirudishia, kwa akili yake, kilekile nilichonyang'anywa, na hata wakati anarudisha aliniita shemeji.

Umit akapiga makofi. "Umesikia, Kulpash? Sasa na wewe utaitwa mama! Mchukue upesi kabla hajabadili mawazo!" Tolegen alikohoa, akatazama sakafu. Hakuna aliyemtazama Karlygash, kwa sababu hakuna aliyeona kama kuna swali.

Yeye alikuwa anamimina. Akanipitishia kibakuli changu kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Chai na maziwa vilikuwa vinatikisika juu kabisa, tone likamwagika kwenye kidole chake na hakulifuta. Kisha akainua macho akanitazama usoni, jambo ambalo bibi harusi hafanyi.

Umit naye aliona. Akasema, "We mtoto, unamfukuza shemeji yako? Usingizi umekulevya." Sayat akacheka kwa aibu, akaomba msamaha kwa niaba yake, akasema hajalala vizuri tangu ajifungue. Wote wakakubali kwamba ni usingizi.

Mimi nilijua si usingizi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Hakuwa na mdomo wa kusema mbele ya wakubwa, alikuwa na kibakuli tu, akakitumia. Na kwangu haikuhitajika ushujaa wowote. Nilitakiwa kukiweka chini, nivae shali yangu, niseme asanteni, nirudi nyumbani. Wangeelewa. Wazee wangesema Kulpash ana kiburi, kwa wiki moja au mbili, na binti asingelaumiwa na mtu. Katika dunia nzima mtu mmoja tu alikuwa anajua kile kibakuli kinasema nini na kinauma wapi, na mtu huyo ni mimi.

Nilikinywa, dada. Nilikinywa chote, taratibu, mpaka majani ya chini. Kisha nikakirudisha kwake nikasema, "Asante, mwanangu, chai yako tamu," nikanyoosha mikono kwa Umit nikampokea mtoto.

Gauni la mahameli la Rabiga lilikuwa limeshatolewa sandukuni. Umit ndiye aliyenivalisha. Nilimpitisha mtoto kutoka shingoni hadi kwenye pindo, akatoka analia, na wanawake wa ujirani wakasema maneno yaleyale. Karlygash alisimama mlangoni na sinia. Siku ya arobaini tulimwogesha kwa vijiko arobaini vya maji, na shati lake la kwanza tukalifunga peremende ndani, tukalifunga shingoni mwa mbwa, watoto wakamkimbiza uwanja mzima. Sayat alicheka kama alivyokuwa akicheka utotoni. Nimempa mtoto jina la Aisulu.

Mwanzoni Karlygash alikuwa anavuka uwanja kuja kumnyonyesha. Umit akasema haifai, mtoto lazima ajue mama mmoja, Karlygash ajifunge kifua maziwa yakauke. Binti hakujua kujifunga. Nilimfunga mimi, kwa kitambaa kirefu cha pamba. Najua kinatakiwa kukazwa wapi ili maumivu yapungue, kwa hiyo nilikikaza vizuri. Aliniambia, "Asante, Dada Mwalimu." Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye mikono yangu na sote wawili tukafanya kama hayapo.

Bado anakuja mara mojamoja. Anasema amekuja kuazima ungo, au kurudisha ungo. Juzi Aisulu alilia akiwa chumba cha ndani, na Karlygash alikuwa jikoni kwangu, ameshika huo ungo, na nikaona kifua cha gauni lake kinalowa. Niliinuka. Naapa nilipoinuka nilikuwa naenda kumleta mtoto. Nilifika mlangoni, ule mlango wa manyoya tuliuchukua kwa marehemu tukaupachika kwetu kwa ajili ya baridi, nikaingia ndani, nikaufunga.

Hayo ndiyo niliyotaka kukuambia. Nilidhani nikiyaandika nitajiona nimetubu, lakini naandika na mtoto amelala begani mwangu, pumzi yake iko shingoni, na sijatubu. Najionea haya tu. Karlygash anadhoofika mbele ya macho yangu, na Sayat ananishukuru kila siku, na mimi nasubiri Aisulu afungue mdomo aseme "apam", mama yangu, ile herufi moja ya mwisho ambayo Sayat hakunipa kwa sababu ya mila, na Gauhar aliondoka nayo kwenda mbali. Akishasema hivyo hakuna mtu atakayeweza kumtoa mikononi mwangu, hata mimi mwenyewe.

Wewe ndiye mkubwa wangu uliyebaki. Ukija ukaniambia mbele ya watu nimrudishe, desturi inanilazimisha nikusikilize. Najua utataka kuja. Najua utamwambia Ospan atandike farasi hata kabla hujamaliza kusoma. Basi nakuomba, Batish, usije. Wewe ndiye mtu ninayempenda kuliko wote waliobaki, na ukifika hapa na maneno hayo, nitakukaribisha mahali pa heshima, nitawasha samova, na nitakumiminia kibakuli hadi ukingoni.

Wasalimie watoto na wajukuu, wasalimie majirani waliokuwa wananiuliza. Ngamia yule mwekundu, kama bado yuko hai, mkune shingoni kwa niaba yangu. Nimekuwekea kwenye kifurushi soksi za manyoya kwa goti lako na majani ya chai. Tolegen anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia.

Mdogo wako,
Kulpash,
mama yake Aisulu